Mita 2.50 na mrukaji asiye na jina

Nimekuwa kimya, kazi za watu zimenibana (mhariri akisema anataka stori jioni, ujue anaitaka jioni), lakini leo nimepata upenyo nikaona niwaletee habari ya kuruka. Siyo kuruka mkojo na kukanyaga mavi kama wanavyosema wahenga. Kuruka kwenyewe: miguu inaacha ardhi, mtu anakwenda juu.

Mambo yalianzia kijiweni kwetu Komakoma, Mwananyamala. Kijiwe chenyewe hakina jina. Ni benchi mbili, meza ya drafti, birika la kahawa na kinyozi pembeni. Jioni moja kijana wa bodaboda akatoa simu akatuonyesha klipu. Mzungu kavaa mbao mbili ndefu miguuni, anateremka mlima mweupe kama kafukuzwa, anafika kwenye ncha, anaruka, na harudi chini. Tunasubiri arudi, harudi. Kalala mbele kama mtu anayechungulia kisima, mikono kwa nyuma, mbao zimetanuka.

"Huyu kafa," akasema muuza kahawa.

Hakufa. Alitua, akainua mikono, na namba ikatokea: mita 254.5. Jina lake Domen Prevc, Mslovenia, na siku yenyewe ilikuwa Machi 30, 2025, mahali panaitwa Planica. Chukua kiwanja cha mpira cha mita 105, kiunge na kingine, kisha ongeza karibu nusu ya kingine. Huyo bwana alivuka vyote hewani.

Ubishi ukaanza. Fundi seremala, mzee wetu pale kijiweni, akasema hayo ni mambo ya Wazungu, sisi theluji tunaiona ndani ya friji. Mwingine akamjibu, na Kilimanjaro je? Mwingine akauliza kama kuna mtu wa huku kwetu aliyewahi kuruka mruko wa kuandikwa. Kimya. Kukimbia tunajua, tuna Filbert Bayi na rekodi yake ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974. Kuruka? Wote wakanigeukia mimi kwa sababu mimi ndiye "mwandishi". Nami nikajitia kujua. Nikasema nitawaletea jibu. Ndiyo hili, na njiani limenitoa jasho kuliko nilivyotegemea.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wa yule Prevc. Kuna kuruka kwa skii na kuna kupaa kwa skii. Ni ndugu, ila huu wa pili unafanyika kwenye vilima vikubwa zaidi, na duniani vinavyotumika kwa mashindano makubwa miaka ya karibuni havizidi vinne: Planica, Vikersund kule Norway, Oberstdorf Ujerumani na Kulm Austria. Mrukaji anafika ukingoni kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Hana injini, hana bawa, ana mwili wake, suti na zile mbao. Usidhani yuko juu sana kama ndege ya abiria. Mlima umechongwa ufuate njia yake, kwa hiyo muda wote yuko mita chache tu kutoka chini, ila chini kwenyewe kunamkimbia. Majaji watano wanampa alama za mtindo, na urefu unapimwa kwa nusu mita.

Mwaka 1936, Planica ikiwa ndani ya Yugoslavia, kijana wa Kiaustria Sepp Bradl aliruka mita 101 pale. Ndiye binadamu wa kwanza kuvuka mita 100 na akatua kwa miguu yake. Kilima chenyewe kilikuwa kazi ya mhandisi Stanko Bloudek. Unadhani wakubwa wa shirikisho la skii duniani, FIS, walishangilia? Walinuna. Walisema vilima vikubwa namna ile ni hatari. Na mnuno huo haujaisha kabisa. Hadi leo FIS haizipi hizo namba hadhi ya rekodi rasmi ya dunia kama riadha inavyofanya na rekodi zake, kwa hofu kwamba mbio za kutafuta mita zitaua watu. Vyombo vya habari vinaziandika, mashabiki wanazijua kwa moyo, wenyewe waruka wanazililia, ila ofisini hazina muhuri.

Hebu ona vituko vyake. Machi 1994, hapo hapo Planica, Andreas Goldberger wa Austria alifika mita 202. Alipotua akagusa theluji kwa mikono. Haikuhesabiwa. Siku hiyo hiyo Mfini Toni Nieminen akaruka 203, akasimama wima, akaingia kwenye historia kama mtu wa kwanza kuvuka 200. Februari 2015, kule Vikersund, Peter Prevc (kaka yake huyu Domen, na dada yao Nika naye alifika 236 mwaka 2025, sijui kwao wanakula nini) akawa wa kwanza kufika 250. Kesho yake Mnorwei Anders Fannemel akaenda 251.5. Siku hiyo hiyo Mrusi Dmitry Vassiliev akafika 254, mbali kuliko wote, akaanguka. Haikuhesabiwa. Mwaka 2017 Stefan Kraft akafika 253.5, ikakaa miaka minane mpaka Domen.

Naomba neno hilo "haikuhesabiwa" ulitunze, tutarudi kwalo.

Haya, tuje nyumbani. Mzee wetu na friji yake alikosea kidogo. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo, na walikuwa na skii. Ndiyo, skii, juu ya Kilimanjaro, nchi hii ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na makao makuu yake yakiwa hapa hapa Dar. Barafu moja ya kileleni mpaka leo ina jina la Furtwängler. Tangu mwaka huo wa 1912 hadi 2011 zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu ya Kilimanjaro ilipotea, kwa hiyo anayetaka kurudia kituko hicho afanye haraka. Wachaga waliobeba mizigo ya Wazungu wa enzi zile kuelekea mlimani, majina yao mengi huyakuti kwenye ramani yoyote. Hilo nalo litunze.

Na jirani zetu wa Kenya wana Philip Boit, mkimbiaji wa kutoka Bonde la Ufa ambaye kampuni ya Nike ilimpeleka Finland mwaka 1996 kujifunza skii za kukimbilia, siyo za kuruka. Mwaka 1998 akashiriki Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, kilomita 10. Akawa wa mwisho kwa mbali, nafasi ya 92. Bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa amemaliza dakika 20 kabla, lakini akakataa kuondoka mpaka Boit afike, akamkumbatia. Boit aliporudi na kupata mtoto akampa jina Dæhlie. Stori tamu, na wengi mnaijua. Lakini swali la kijiweni lilikuwa kuruka.

Jibu nikalipata nisikotafuta.

Nilikuwa naangalia picha za zamani za utawala wa Wajerumani, nikakutana na moja ambayo ilinifanya niweke chini kikombe. Kamba au ufito umetandazwa juu kati ya miti miwili myembamba. Chini yake wamesimama Wazungu wawili waliovaa kisafari. Na juu ya vichwa vyao, juu kabisa, kijana Mwafrika yuko hewani, magoti yamekunjwa, anavuka. Umati unatazama. Pahali: Rwanda, kwenye himaya ya mfalme Yuhi Musinga. Mwaka: 1907.

Mmoja wa wale Wazungu ni Mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg, mwana wa ukoo wa kitawala wa Ujerumani, aliyekuja na kundi la wanasayansi. Safari yao ilianzia Bukoba, wakapita Rwanda, wakaingia Kongo, wakatokea upande wa Atlantiki mwaka 1908. Mwingine kwenye picha ni msaidizi wake, von Wiese. Mwaka 1909 Mtawala akatoa kitabu kuhusu safari hiyo, na humo akaandika kwamba vijana wale wa Rwanda walikuwa wakivuka hadi mita 2.50.

Sasa wewe msomaji unayejua riadha, kaa vizuri. Mwaka 1907 mruko wa juu kuliko wote uliokuwa ukitambulika duniani ulikuwa mita 1.97, wa Mmarekani Michael Sweeney, tangu 1895. Mita 2.00 zilifikiwa 1912 na George Horine. Rekodi ya dunia aliyoiweka Javier Sotomayor wa Cuba kule Salamanca, Julai 1993, ni mita 2.45. Yaani kama hesabu ya Mtawala ni sahihi, kuna kijana wa Rwanda ambaye zaidi ya miaka 80 kabla ya Sotomayor alipita sentimeta tano juu yake. Tena bila godoro la kuangukia. Yule anaonekana anajiandaa kutua kwa miguu, kwenye udongo, kama mtu aliyeruka mtaro.

Nikawa mtu wa furaha. Nikaona nimepata stori ya mwaka. Kichwa cha habari nikakiandika palepale: Rekodi ya dunia ya kuruka ni ya Afrika Mashariki! Tena nikajiambia hii ni yetu hata sisi wa Dar, maana Rwanda ya 1907 ilikuwa sehemu ya koloni lile lile lililotawaliwa kutoka mji huu.

Baadaye nikaanza kupoa, na kilichonipoza kwanza ni hesabu. Waliochunguza habari hii kwa makini wanasema warukaji wale walikuwa wakikanyaga kitu kilichoinuka kidogo kabla ya kuruka, kigulu cha udongo au jiwe. Kwenye riadha hilo halikubaliki. Pili, kamba ikilegea katikati, pale anapopita mrukaji ni chini kuliko pembeni. Tatu, kamera. Sisi tunaofanya kazi na wapiga picha tunajua, mpiga picha akichuchumaa hata mtoto anaonekana mnara. Nne, hatuna mpimaji zaidi ya mgeni mwenyewe aliyetaka kitabu chake kisomwe.

Lakini ngoja. Tuseme tunatoa sentimeta 30 nzima kwa ajili ya kigulu na kamba na kila kitu. Inabaki 2.20. Riadha rasmi haikuvuka 2.20 mpaka mwaka 1960, Mmarekani John Thomas alipofika 2.22. Kwa hiyo hata ukiwa bahili kupita kiasi, kijana yule alikuwa anafanya mambo ambayo mabingwa wa dunia walikuja kuyafanya baada ya nusu karne, na wao wakiwa na viatu maalumu. Hapo nikapata tena nguvu ya kichwa changu cha habari.

Kilichonipoza mara ya pili hakikuwa hesabu. Nina rafiki yangu Mnyarwanda anayefanya kazi za kupitisha mizigo ya kwao bandarini hapa. Tunakutana kwenye supu asubuhi, Kinondoni. Nikamwonyesha picha nikitegemea atapiga kelele za furaha. Akaitazama, akanirudishia simu.

"Kaka, hii naijua. Ukiiweka, usiiweke peke yake."

Nikamuuliza kwa nini. Akamaliza supu kwanza. Kisha akasema kwao watu waliuawa kwa sababu ya urefu wao, na babu yake ni mmoja wao, na ile picha iko kwenye mwanzo wa njia iliyofika huko. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuelekeza kituo cha daladala.

Basi ikabidi nisome upya, safari hii nikitazama siyo kamba, bali watu waliokuwa chini yake.

Kwa Kinyarwanda mchezo ule unaitwa gusimbuka urukiramende. Waliokuwa wakiufanya mbele ya mfalme ni intore, vijana waliochaguliwa na kupelekwa kwenye makao ya watawala kufundishwa: kucheza ngoma ya kivita, kurusha mkuki, kulenga mshale, kuruka, kuzungumza vizuri, kuvumilia. Kwa maneno mengine ilikuwa ni shule. Mtu anaingia mdogo, anafundishwa miaka, anashindanishwa na wenzake, anaaibika akishindwa, anatuzwa akiweza. Hivyo ndivyo unavyopata mtu wa kuruka juu ya kichwa cha mwenzake. Ni hivyo hivyo ndivyo Slovenia, nchi ya watu milioni 2 tu, inavyopata akina Prevc. Watoto wanaanzia kwenye vilima vidogo, wanapanda ngazi moja moja. Hakuna anayeandika kwamba Waslovenia wamezaliwa na mbawa, au kwamba lazima asili yao ni kwingine.

Kwa Rwanda ndicho kilichoandikwa. Wazungu walipoona ufalme uliopangika, ng'ombe wengi na watu warefu, hawakutaka kuamini kwamba ni kazi ya Waafrika wenyewe. Tangu kitabu cha Mwingereza John Hanning Speke cha mwaka 1863 kulikuwa na nadharia kwamba watawala wa eneo la Maziwa Makuu walitoka Ethiopia, watu wa damu nyingine, karibu na Wazungu kuliko majirani zao Wahutu. Haikuwa na ushahidi wa maana. Lakini ilipendeza, na picha kama ile iliipendezesha zaidi. Mruko uliotokana na mafunzo ukageuzwa kuwa mruko wa damu. Kijana wa ikulu akageuzwa kielelezo cha kabila. Kuna profesa wa Kiingereza, John Bale, aliyeandika kitabu kizima kuhusu picha hizi na namna zilivyotumika, kikatoka mwaka 2002. Yeye ndiye aliyenifungua macho kwamba hata kuuita "rekodi" ni kuuvalisha mchezo ule suruali ya mwenzake.

Wabelgiji wakaingia 1916, wakakuta nadharia hiyo mezani, wakaifanya sheria. Miaka ya 1930 wakawapa watu vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kilichokuwa kinaweza kubadilika katika maisha ya mtu kikagandishwa kwenye karatasi. Miaka ikaenda, uhuru ukaja, nadharia ikapinduliwa juu chini: kama ninyi mmetoka Ethiopia, basi si wa hapa. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alisimama kwenye mkutano akazungumzia kuwarudisha Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 2016 mahakama ya Kigali ilimhukumu kifungo cha maisha. Mto Nyabarongo unamwaga maji yake Kagera, na Kagera inaingia Ziwa Victoria. Mwaka 1994 mto ule ulileta maiti mpaka ziwani. Watu wazima wa Kagera wanakumbuka. Kuna waliokataa kula samaki kwa muda mrefu. Umoja wa Mataifa umekuwa ukitaja vifo vya watu wasiopungua 800,000 katika siku mia moja, wengi wao Watutsi.

Simaanishi kwamba picha moja iliua watu. Waliua watu waliokuwa na majina, na wengine walifikishwa mahakamani hapa hapa Arusha. Ninachosema ni kwamba nilikuwa karibu kuichukua picha ile na kuitumia vile vile ilivyotumika mwanzo: tazameni mwili huu wa ajabu. Tofauti yangu na Mtawala ingekuwa kwamba mimi ningeandika kwa Kiswahili.

Kuna jambo lingine lililonikaa kooni. Mwaka huo wa 1907, wakati Mtawala akitazama michezo Rwanda, kusini mwa koloni hilo hilo Majimaji ilikuwa inamalizikia. Vita ilianza 1905, na kilichoua wengi zaidi ni njaa, baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Wanahistoria wetu wametaja vifo vinavyofika 300,000. Kwa hiyo serikali moja, kutoka mji mmoja, ilikuwa na Waafrika wa kupigwa picha na Waafrika wa kuchomewa chakula. Haikuchukuliwa picha ya kupendeza kule Songea.

Na Mtawala wetu aliishia wapi? Hapa ndipo niliposimama nikazunguka chumba. Kutoka 1912 alikuwa gavana wa Togo, wa mwisho wa Kijerumani. Baadaye akawa mtu wa michezo. Mwaka 1926 akaingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, akakaa humo mpaka 1956. Mwaka 1949, baada ya Vita Kuu ya Pili, akawa rais wa kwanza wa kamati mpya ya Olimpiki ya Ujerumani. Akafa 1969. Hesabu mwenyewe: mtu aliyesema ameona kwa macho yake Mwafrika akivuka mita 2.50 alikaa miaka 30 kwenye meza inayoamua nani aje Olimpiki. Katika miaka hiyo yote Rwanda haikupeleka mtu hata mmoja. Ilishiriki mara ya kwanza 1984, Los Angeles, na kufikia hapo gusimbuka ya ikulu ilishafifia zamani. Shule za wamisheni zilileta mpira na riadha ya Kizungu, ikulu yenyewe ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na intore wakabaki kuwa wacheza ngoma wa kuvutia wageni. Jirani zao wa Burundi walipata dhahabu ya Olimpiki 1996 kwa Vénuste Niyongabo, mita 5000. Kwa kukimbia, siyo kuruka.

Sasa turudi kwenye lile neno. Aprili 2024 Mjapani Ryoyu Kobayashi alikwenda Iceland, kwenye kilima kilichojengwa kwa ajili yake peke yake kwa fedha za kampuni ya vinywaji, akaruka mita 291. Mia mbili tisini na moja! Dunia nzima iliona video. FIS ikasema haikuwa kwenye mashindano na kanuni zao, kwa hiyo haihesabiki. Sikulalamika niliposoma, kwa sababu hata kanuni ina kazi yake: yule alijengewa mlima wa kwake, na rekodi ni makubaliano ya watu kuruka mlima mmoja. Kwa kanuni hiyo hiyo, kijana wa Rwanda na kigulu chake hahesabiki. Nakubali. Sitoandika kwamba rekodi ya dunia ni yetu.

Lakini angalia tofauti. Goldberger aliyegusa theluji, jina lake tunalo. Vassiliev aliyeanguka, jina lake tunalo na urefu wake tunao. Kobayashi aliyekataliwa, jina lake tunalo. Ile picha ya 1907 ilizunguka dunia kwa zaidi ya miaka mia, na wanaotajwa chini yake ni wale wawili waliosimama tu. Aliyeruka anaitwa Mtutsi. Hakuna aliyemuuliza jina, na kama aliuliza hakuona sababu ya kuliandika, ingawa alikuwa na wanasayansi wa kila namna na kalamu za kutosha kuandika majina ya majani na wadudu.

Rafiki yangu wa supu nilimpelekea maneno haya kabla ya kuyaweka hapa. Alisoma kwenye simu, polepole. Akaniambia nibadilishe sehemu moja tu, nami nimebadilisha. Kisha akaniambia kitu ambacho sikutegemea: kwamba bibi yake alikuwa akisimulia warukaji, akiwataja kwa majina ya sifa, mmoja mmoja, na yeye alipokuwa mdogo hakusikiliza kwa sababu alikuwa anataka kwenda kucheza. Hakumbuki hata moja.

Kijiweni nilirudi Ijumaa. Nikawaeleza yote, kwa kirefu kuliko walivyotaka. Seremala akauliza mita 2.50 ni kama wapi. Akachomoa futi yake mfukoni, akapima ukutani kwa kinyozi, akachora mstari kwa chaki. Tukakaa kimya kidogo, maana kusema 2.50 ni rahisi, kuitazama ni kitu kingine. Mstari ulikuwa juu ya mlango. Kijana wa bodaboda, ambaye ndiye mrefu wetu, akanyosha mkono, hakufika. Akarukaruka mara mbili, mara ya pili akaugusa kwa vidole.

"Kwa mkono huo," akasema seremala. "Yeye alipitisha matako."

Watu wakacheka, kahawa ikaendelea. Mstari bado upo, kinyozi amekataa usifutwe. Wateja wakiuliza ni wa nini, anawaambia waketi kwanza.